Aliyekuja Kuimba Asiombe Ufunguo wa Sanduku

Wajukuu zangu wa Msimbu, na nyinyi mlio Kisarawe mjini, Mlandizi na Kibaha, nina neno nanyi kuhusu muziki mnaotembea nao mifukoni.

Sikuja kuwakataza kusikiliza. Mzaramo hamnyimi mtu ngoma. Mdundiko umepita kwenye njia zetu hizi, watu wakiufuata kutoka kijiji hadi kijiji. Mkole umechezwa wali walipotolewa ndani. Mchiriku uliowatoa jasho wajomba zenu ulipigwa na watoto wa Kizaramo kwenye vitongoji vya Dar es Salaam, na singeli mnayoipenda leo imeota kwenye udongo huo huo. Muziki ni wetu, na anayetaka kuucheza aucheze. Neno langu linahusu zile programu mnazoziweka kwenye simu ili ziwaletee muziki. Mnazichagua haraka mno, na wengi wenu mnachagua kwa kipimo kimoja tu: hii ni ya bure, weka.

Sisi tumelelewa na redio. Ilipoanza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, nyumba yenye redio ilikuwa baraza ya mtaa mzima. Taarifa ya habari ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule asiyeona aliyezipiga ngoma nyingi peke yake. Tukawasikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, tukawasikiliza NUTA Jazz, na kuanzia 1978 tukawapata Mlimani Park. Redio ile ilisema, sisi tukasikia, mambo yakaishia hapo. Haikujua jina la msikilizaji wala shilingi zilizokuwa kwenye mfuko wa kanzu yake, na barua iliyokuwa mezani haikuweza kuisoma. Kaseti nayo ilikuwa hivyo hivyo: ukiinunua, imekuwa yako, na aliyekuuzia hakukufuata nyumbani kujua unaisikiliza saa ngapi.

Simu haiko hivyo. Inakuimbia na wakati huo huo inakusikiliza, inakumbuka, inapeleka habari zako mahali usipopajua. Tena ndani ya simu hiyo hiyo kuna pesa. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, zikafuata nyingine, na leo fedha za mihogo iliyouzwa Gongo la Mboto zinarudi Msimbu ndani ya simu. Laini yenyewe umeisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo kinachofanywa kwa laini hiyo kimefanywa kwa jina lako. Simu yako ni nyumba ya chumba kimoja: ngoma inachezwa pale pale penye sanduku la pesa na godoro la wazee. Ndiyo maana nasema, aliyekuja kuimba asiombe ufunguo wa sanduku. Mengine yote nitakayosema yanatoka kwenye neno hili.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Angalieni kinachojitembeza siku hizi. Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram linarushwa faili, limeandikwa kwamba ni programu kubwa ya muziki, lakini hii imefunguliwa, haina matangazo, haihitaji kulipia, nyimbo zote ni zako. Ukilibonyeza, simu inakuuliza kama unaruhusu kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Simu imekuonya kwa maneno yaliyo wazi, na bado mtu anabonyeza ndiyo. Aliyeifungua programu ile ameingiza mkono ndani yake, na wewe huwezi kujua alipoutoa mkono aliacha nini. Huenda hakuacha kitu. Huenda ameacha kijidudu kinachosubiri siku utakapopokea pesa. Chukueni programu kwenye duka rasmi la simu, Play Store kwa wenye Android na App Store kwa wenye iPhone. Hata humo dukani, soma jina la mwenye programu, tazama imepakuliwa na watu wangapi kama duka linaonyesha, soma malalamiko ya walioitumia kabla yako. Zipo zinazoiga jina na rangi za programu maarufu, na mwenye haraka haoni tofauti.

Programu ikishaingia huanza kuomba ruhusa, na hapa ndipo ninapotaka mtulie. Programu ya muziki ina haki ya kuomba mambo machache. Inaomba kuona faili za muziki na sauti zilizo kwenye simu, na inaomba kukuletea taarifa. Ikiwa ina sehemu ya kurekodi au kutambua wimbo, itaomba maikrofoni, nawe waweza kuiruhusu wakati unaitumia tu. Imetosha. Ikiomba kusoma ujumbe wako mfupi, kataa, kwa sababu namba za siri za uthibitisho zinazotumwa na benki na mitandao hupita humo. Ikiomba orodha ya majina na namba za watu wako, kataa, maana shangazi yako wa Maneromango hakukubali namba yake iende popote. Ikiomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa ili kuwasaidia watu wenye ulemavu kutumia simu, ifute siku hiyo hiyo. Ruhusa hiyo inaweza kuipa programu uwezo wa kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe badala yako. Kwa wimbo wa dakika nne, hakuna sababu hata moja ya kuitoa.

Msidhani nawatisha kwa mambo ya mbali. Mmewaona watu walioaibishwa na programu za mikopo ya mtandaoni. Mtu alikopa fedha kidogo, akachelewa kulipa, na jamaa zake wakaanza kupokea ujumbe wa matusi, kwa sababu siku ya kwanza aliruhusu programu ichukue majina yote yaliyokuwa kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na kuwataka wananchi wajiepushe nayo. Ruhusa iliyotumika kuwaumiza watu wale ni ile ile ambayo programu mbovu ya muziki inaweza kukuomba kwa sauti ya upole. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume yake ya kupokea malalamiko. Hata hivyo sheria humfuata mhalifu baada ya kosa. Kinga ya kwanza ni kidole chako, kinapofika kwenye kitufe cha kukubali.

Tuje kwenye mfuko. Muziki wa mtandaoni unakula bando, na unakula kwa hesabu inayojulikana. Wimbo ukipita kwa kiwango cha kilobiti 96 kwa sekunde, saa moja ya kusikiliza inakula MB 43 hivi. Ukiipandisha programu hadi kilobiti 320, saa hiyo hiyo inakula MB 144. Maana yake GB moja itakufikisha karibu saa 23 kwa kiwango cha chini, na saa 7 hivi kwa kiwango cha juu. Kwenye spika ya bodaboda barabarani, ambako injini na upepo vinapiga kelele, sikio lako halitaitambua tofauti hiyo, ila bando litaitambua. Fungua mipangilio ya programu, tafuta ubora wa sauti, uushushe unapotumia bando. Na anayesikiliza muziki kwa kufungua video huku simu iko mfukoni analipia picha asiyoitazama, na picha ndiyo inayokula zaidi.

Njia nzuri kwa mtu wa huku kwetu, ambako mtandao unashika hapa na kupotea pale, ni kupakua. Ukifika mahali penye intaneti ya bure unayoiamini, au ukiwa na bando la usiku, pakua nyimbo za wiki nzima, kisha sikiliza bila kuwasha data. Lakini jueni kwamba kwenye programu nyingi wimbo uliopakuliwa unabaki ndani ya programu. Ukiacha kulipia, unafungwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa shilingi yako jiulize: hapa nanunua wimbo, au nakodi? Kukodi si dhambi, mradi ujue kwamba umekodi.

Kuna pia mtego wa salio. Unabonyeza mahali palipoandikwa pakua, kumbe umejiunga na huduma ya miito au ya burudani, na salio linakatwa kila siku au kila wiki. Kijana anaweka vocha asubuhi, jioni haipo, anawalaumu watu wa mtandao bila kujua kwamba aliyekubali ni yeye. Soma ujumbe unaofuata kila unapobonyeza. Ukiona umejiunga na kitu usichokitaka, ujumbe huo mara nyingi unaeleza namna ya kujitoa, na kama hauelezi, piga 100 uongee na huduma kwa wateja wa mtandao wako. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Na mara moja moja piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, ikatae mapema.

Nawasemesha kwa upole zaidi nyinyi mnaoazima simu za mama zenu. Simu ya mama ndiyo yenye pesa za kikoba na namba za wanachama wenzake. Mama hajui ulichokiweka usiku akiwa amelala. Usisakinishe kitu kwenye simu ya mtu bila kumwambia, hata kama ni kwa wimbo mmoja tu.

Sasa mtaniuliza, babu, tuweke ipi? Nitawaambia zilivyo, kuchagua mtachagua wenyewe.

Boomplay wengi mnayo tangu siku mliponunua simu, kwa sababu ilizaliwa katika kampuni ya Transsion inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, na ilianzia Nigeria mwaka 2015. Ina muziki mwingi wa Afrika, ina sehemu ya bure yenye matangazo na sehemu ya kulipia. Kukutwa kwake kwenye simu hakumaanishi kwamba lazima uitumie, wala si sababu ya kuiacha. Mdundo ni ya Nairobi, imejengwa kwa ajili ya watu wetu wenye bando dogo, na hupata fedha kwa matangazo. Mwaka 2020 hisa zake ziliingia kwenye soko la Copenhagen, Denmark. Audiomack ni ya Marekani, na vijana wanaoanza kuimba wanaipenda kwa kuwa mtu anaweza kupandisha kazi yake mwenyewe. Spotify ya Sweden ilifika Tanzania mwaka 2021, ina nyimbo za dunia nzima, na utamu wake kamili unapatikana kwa kulipa. YouTube kila mtu anaijua, na ulaji wake wa bando tumeshausema. Watu wetu wenyewe nao wamejaribu: Mkito ilikuwa ya Kitanzania, na Diamond Platnumz alianzisha Wasafi.com mwaka 2017 ili nyimbo za nyumbani ziuzwe nyumbani.

Kipimo changu ni hiki. Kama unasikiliza Kiswahili na muziki wa Afrika na mfuko ni mdogo, chukua mojawapo ya zile zenye sehemu ya bure inayolipwa na matangazo, uvumilie tangazo, maana tangazo lile ndilo nauli yako. Kama una kipato cha kila mwezi na muziki ndio mwenzako wa kazi, lipia moja, usilipie mbili. Usijaze programu tano kwenye simu yenye nafasi ndogo, kisha ukafuta picha za marehemu bibi yako ili wimbo upate pa kukaa. Weka moja, ijue vizuri, nyingine ziondoe.

Na wale mnaokwenda kibandani kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi au flashi, jueni mambo mawili. Flashi ile imepita kwenye kompyuta iliyopokea flashi za mtaa mzima, na ugonjwa wa mmoja huenda kwa wote. La pili ni kwamba pesa uliyotoa imebaki kibandani. Aliyeimba hakupata hata senti.

Hili la pili linaniuma. Kila mtu anasema anampenda msanii fulani, na kila mtu anamwibia. Malipo ya programu halali ni madogo. Programu hukusanya fedha za matangazo na za wanaolipia, kisha huzigawa kwa kadiri nyimbo zilivyosikilizwa. Spotify, kwa mfano, tangu 2024 haiulipi wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo kijana wa Msimbu anayeanza, wenzake mia mbili wakiusikiliza wimbo wake mara tano tano kwenye programu halali, wamemfikisha mlangoni. Wakirushiana faili lake kwenye WhatsApp, hata wawe elfu kumi, hawajamsaidia kitu. Mkitaka mwenzenu atoke, msikilizeni mahali panapohesabu.

Nanyi mnaoimba na kutengeneza midundo, kazi zenu msiziache zizurure bila mwenyewe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo kusajili kazi na kulinda haki. Haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo mnazungumzia urithi wa watoto wenu. Anayejitolea kukupandishia wimbo kwenye programu, mwambie atumie barua pepe yako na namba yako, nenosiri ulishike wewe. Mkataba usomeni mpaka mstari wa mwisho, na usioelewa umpelekee mwalimu au mtu wa sheria. Ukisaini kwa kiu ya kusikika, utasikika kweli, ila fedha itakwenda kwa mwingine.

Kuna la masikio na la barabara. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yalitoa mwongozo mwaka 2019: mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Sauti ikipanda hadi 90, muda unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 tu. Sikio likishakufa halifufuki, na hakuna dawa ya hospitali itakayolirudisha lilivyokuwa. Simu nyingi sasa hukuonya unapopita kiwango. Msilizime onyo hilo. Nawe mwendesha bodaboda unayeziba masikio yote mawili kwa hedifoni huku umembeba mke wa mtu na mtoto mgongoni mwake, unaendesha bila nusu ya akili yako. Honi ya lori la mchanga hutaisikia. Anayekatiza reli huku masikio yameziba, treni ya umeme haina muda wa kumsubiri, kwa mwendo ule hata dereva akiona hawezi kusimama papo hapo. Toa hedifoni, vuka, kisha rudi kwenye wimbo wako.

La mwisho. Mkizitafuta nyimbo za bibi zenu kwenye programu hizo zote, nyingi hamtazikuta. Wapigaji wa vanga na mdundiko wanazeeka, na wakiondoka wanaondoka nazo. Simu mliyo nayo inarekodi vizuri kuliko mitambo tuliyoitamani sisi. Irekodini, lakini kwa adabu. Nenda kwa mzee kwa heshima, mweleze unataka nini na utakipeleka wapi, umsikilize akikataa. Nyimbo za ndani za unyago na jando zina wenyewe, na nyingine hazikutungwa ili zisikiwe na kila mtu. Kungwi akisema hii haitoki, haitoki. Akikubali, andika jina lake, kijiji chake na tarehe, na kikipatikana chochote, kiende kwake kwanza. Sheria ile ile ya 1999 imetenga sehemu ya kulinda sanaa za jadi, kwa hiyo si mali ya kuokota.

Basi leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja afungue mipangilio ya simu yake, aingie kwenye programu, apitie moja baada ya nyingine na kutazama kila moja imepewa ruhusa gani. Ya muziki inayosoma ujumbe wako, inyang'anye. Iliyokuja kwa kutembezwa kwenye makundi, ifute. Usiyoitumia, iondoe. Kesho asubuhi umfanyie hivyo hivyo mama yako, naye akiwa amekaa karibu anatazama, ili ajue kilichokuwa ndani ya simu yake. Mungu awalindie masikio, mali na majina yenu, nanyi mlinde ya wenzenu.